Mama wa Wote Wawili: Maisha ya Dorothée Asende, 1961–2025

Mama Dorothée Asende alizaliwa Kazimia, upande wa kaskazini wa ziwa, tarehe 12 Machi 1961. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Wilondja, mvuvi, na Mama Nyassa, mlimaji wa mihogo. Kabla hajaaga dunia alimwita binti yake Elsa, akamwambia jinsi alivyotaka maisha yake yasomwe siku kama ya leo. Alisema: "Muandike yote. Musiseme Jeancy alikufa maji. Sikusema vile nikiwa muzima, basi musinisemee vile nikiwa nimekufa." Ndiyo sababu jamii imeyaandika haya kama yalivyokuwa. Atakayeona ni mazito kuyasikia mbele ya jeneza ajue kwamba aliyelala ndani ndiye aliyeyataka.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapo hapo Kazimia hadi mwaka wa tano, 1973. Mama yake alipougua akaachishwa masomo ili alee wadogo zake. Lakini kusoma alikujua vizuri, na Biblia aliisoma kwa sauti maisha yake yote. Shuleni ndiko sauti yake ilikojulikana. Ilikuwa nzito, ya chini kabisa, hata kiongozi wa kwaya akashindwa amweke wapi, mwisho akampanga na wanaume. Wenzake walimcheka. Yeye alisimama katikati ya wale vijana, mrefu kuliko nusu yao, akaimba.

Siku ya Pasaka, mwaka 1981, kijana mvuvi aitwaye Jérôme Mlondani aliingia kanisani amechelewa, akakaa benchi la nyuma. Wimbo ulipoanza akamgusa jirani yake: "Ule mwanaume mwenye kuimba chini kabisa ni nani?" Jirani akamwonyesha msichana mwenye kitambaa cha njano. Papa Jérôme aliisimulia hadithi hiyo hadi uzeeni, na kila mara Mama alijifanya amekasirika. Walifunga ndoa tarehe 8 Januari 1983. Mwaka ule ule, kama watu wengi wa kaskazini, walifuata samaki wakashuka Kalemie, wakajenga karibu na ufuo, si mbali na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani. Mungu aliwajalia watoto watatu: Gauthier mwaka 1984, Jeancy mwaka 1990, na Elsa mwaka 1995.

Kazi ya Mama Dorothée ilikuwa ndakala, wale samaki wadogo kama dagaa. Alizianika mchangani, akazigeuza kwa mkono mpaka zikauke sawasawa, na treni ilipokuwa bado inatembea vizuri alipanda na magunia yake hadi Niemba, akarudi na mahindi na unga wa muhogo. Jeancy alikuwa mgongoni, na Gauthier alishika upindo wa kitenge chake. Pale stesheni, Mama alipohangaika na magunia, Gauthier ndiye aliyebeba mdogo wake, akamfukuzia nzi usoni. Ndiye pia aliyemfundisha kuogelea. Mama alikuwa akiwatazama kutoka mchangani: mkubwa ndani ya mtumbwi, mdogo majini, na sauti ya mkubwa ikisema, "Shika hapa ku mbao. Ukichoka, shika. Mimi niko hapa."

Walikua. Mwaka 2008 Gauthier aliondoka kwenda Manono kuchimba madini. Barua haikuja, salamu haikuja. Mtu mmoja alisema alimwona Kiambi, mwingine akasema amekufa. Mama alikataa kulia. Mwaka 2013 alirudi, amekonda, hana kitu mkononi, hana maneno mengi mdomoni. Wakati huo mtumbwi wa baba ulikuwa unaendeshwa na Jeancy. Papa Jérôme alipokuwa anakata roho, Juni 2014, alisema mbele ya mdogo wake, Papa Mardochée: "Mutumbwi ni wa Jeancy. Gauthier atamusaidia." Mama Dorothée alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Alisema baadaye kwamba neno lile, atamusaidia, aliliona likiingia usoni mwa mwanawe wa kwanza kama mwiba, na kwamba alipaswa kusema kitu saa ile ile, lakini mume wake alikuwa anakufa, na yeye alikuwa anamshika mkono.

Jeancy alikuwa mtoto mwema, mcheshi, mpendwa wa wavuvi wote. Lakini ulimi wake haukuwa na breki. Alimwita kaka yake "mwanafunzi" mbele ya watu, ufuoni, akampigia makofi akikosea kukunja nyavu. Mama alimkataza. Akacheka, akamkumbatia, akasema ni mchezo tu, yaya, kama alivyomwita kaka yake, anajua ni mchezo.

Alhamisi, tarehe 17 Septemba 2015, asubuhi, ndugu wawili waliingia ziwani kuinua nyavu. Adhuhuri Gauthier alirudi peke yake, mtumbwi umejaa maji hadi nusu. Alisema upepo umewapindua, amemtafuta mdogo wake, hakumwona. Upepo ulikuwapo kweli siku ile, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Watu walilia na wanawake wakaketi chini. Siku ya tatu wavuvi wa upande wa Mtoa wakamleta Jeancy.

Wazee wakajifungia na mwili ili wauoshe, kama ilivyo desturi. Mama Dorothée akasimama mlangoni. Walimwambia akae na wanawake. Akasema: "Mikono yake nimeinawisha toka angali mutoto. Muniachie mikono tu." Papa Mardochée akaona aibu kubishana na mama mwenye msiba, akamfungulia. Aliingia na beseni lake. Alianza na mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Vidole vilikuwa vimevunjika, vyote, kwa mstari mmoja, juu ya maungo, mkono huu kama ule. Mama Dorothée alikuwa binti wa mvuvi, mke wa mvuvi, na waliozama alikwisha kuwaona wengi. Maji hayavunji vidole. Aliviosha kimoja kimoja, akavifunga kwa kitambaa vikae vizuri, akatoka, hakusema neno. Jeancy alizikwa hapa, kwenye makaburi haya.

Mkewe Jeancy, Chérie, alikuwa na mimba. Alibaki nyumbani kwa mama mkwe wake, na Gauthier naye alikuwa humo humo. Miezi iliyofuata Mama Dorothée hakuwahi kuisimulia yote kwa mpigo. Aliitoa kidogo kidogo, mwaka hata mwaka. Gauthier alikuwa mwana mzuri kuliko siku zote: alirudishia bati lililong'oka, alichota maji, alileta samaki, alimwita Chérie kwa upole. Mama alimwekea chakula. Akakaa upande wa pili wa sahani, akatazama mikono yake ikimega ugali, na kila ilipomega yeye aliona mikono mingine. Jirani yao alikuwa seremala wa mitumbwi. Nyundo ilipoanza kugonga mbao, Mama aliacha ndakala juani na kuingia ndani, akafunga mlango, akaziba masikio kwa viganja. Jumapili alisimama na kwaya, kati ya wanaume kama zamani, akafungua kinywa, na sauti haikutoka. Tangu siku hiyo alikaa benchi la nyuma.

Siku moja Gauthier alipokuwa sokoni, Mama alishuka ufuoni mahali mtumbwi ulipovutwa. Akapitisha kiganja juu ya ukingo, polepole, kuanzia mbele. Upande wa kushoto, pale ambapo mtu aliye majini angeshika, aliyakuta mabonde kwenye mbao. Kafi ndiyo iliyoyapiga. Moja lilikuwa na kina cha kuingia kidole. Alikaa mchangani, mgongo ameuegemeza kwenye ule mtumbwi, mpaka watu waliokuwa wanapita wakamuuliza kama anaumwa.

Aliendelea kunyamaza. Alimwambia Elsa sababu, na ametaka isomwe: alikuwa amebakiwa na mwana mmoja wa kiume, na alitaka abaki naye. Kila asubuhi alijiambia labda ni mawe, labda ni mti wa nyavu, labda macho yake ya mama yamechanganyikiwa.

Chérie alijifungua msichana mwezi wa Desemba, akaitwa Hélène. Februari 2016, Papa Mardochée akaita jamii. Walikaa uani. Alizungumza vizuri, kwa heshima, kwamba mtoto anahitaji baba, na mjane hawezi kurudi kwao mikono mitupu, na damu isiende mbali. "Gauthier atamuchukua Chérie," alisema. "Njo vile tunafanyaka. Hakuna mutu atapoteza kitu."

Chérie aliinamisha kichwa juu ya mtoto. Gauthier alitazama chini. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Kama wakubwa wanaona vile, mimi sitakataa."

Mama Dorothée alisimama. Wote walidhani anaelekea jikoni. Alikwenda kwa Chérie, akamchukua mtoto mikononi mwake, akasema: "Hapana. Si huyu," akaingia naye ndani. Papa Mardochée alimwita mara kadhaa, "Mama Gauthier! Mama Gauthier, tunaongea!" Hakutoka.

Asubuhi yake alimkuta Gauthier ufuoni anashona wavu. Hakukaa. Alimuuliza akiwa amesimama mbele yake, kivuli chake kikimwangukia.

"Gauthier, vidole vya mudogo yako, nani alivivunja?"

Sindano ya wavu iliendelea kidogo, kisha ikasimama.

"Nakuuliza mimi mama yako. Nilivinawisha."

"Mama, alinicheka," Gauthier akasema. "Siku ile alinicheka tena, ku maji, tuko wawili tu, hakuna hata mutu wa kumusikia. Nikamusukuma. Nilitaka tu anyamaze. Akaanguka, akaogelea, akakuja, akashika mbao." Hapo akaacha. Mama akangoja. "Alikuwa bado anacheka, Mama. Aliwaza tunacheza. Nikapiga. Akaacha kucheka, akaniita yaya. Nikapiga tena."

Mama Dorothée alisema kwamba hakulia, wala hakumpiga, wala hakumlaani. Alihisi baridi miguuni tu, kama aliyesimama ndani ya maji. Akamwambia, "Vaa shati. Tunaenda ku parke."

Walitembea wote wawili kwenda kwa mwendesha mashtaka, mchana kweupe, kandokando ya barabara, wakisalimiwa na watu. Alikuwa amemshika mkono juu ya kiwiko, kama alivyomshika alipompeleka shule mara ya kwanza. Walipofika kwenye daraja la Lukuga, Mama akamwachia. "Kama unataka kukimbia, kimbia," akasema. "Sitapiga kelele. Lakini wakiniuliza, nitasema. Siwezi kumudanganyia Chérie." Gauthier alisimama pale darajani, malori yakipita, akayatazama maji yanayoondoka ziwani. Alikuwa na nguvu, na njia zilikuwa wazi pande zote. Kisha akasema, "Mama, nishike tena." Wakaendelea.

Papa Mardochée alikuja usiku ule ule akipiga mlango. "Umezika mumoja, sasa unataka kuzika wa pili? Mama gani anauzisha mutoto yake?" Neno hilo lilitembea mjini. Sokoni wanawake wengine walisogeza meza zao mbali na yake, na mmoja alitema mate chini alipopita. Kabla ya hukumu, wajumbe wa ukoo walimjia tena, wakamwomba aseme mahakamani kwamba msiba ulimchanganya akili. Aliwapa chakula, akawasikiliza, akawasindikiza hadi barabarani. Siku ya kesi, mwezi wa Mei, aliitwa mbele, akasema alichokiona kwenye beseni na alichokigusa kwenye mbao. Mwanasheria akamuuliza kama anampenda mwanawe. Akajibu: "Wote wawili. Njo sababu niko hapa." Gauthier alihukumiwa miaka ishirini.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Mama Dorothée alipika, akafunga sufuria kwa kitambaa, akaenda gerezani. Gauthier alikataa kutoka. Mama akawaachia chakula wafungwa wengine. Jumapili ya pili vilevile, na ya tatu, na mwaka ukaisha hivyo. Kisha siku moja Gauthier akatoka, akakaa mbele yake, akala. Hawakuwa na mazungumzo mengi. Mara moja, miaka ikiwa imepita, Gauthier alimuuliza, "Mama, ukiniangalia, unaonaka nini?"

"Nakuona weye," akajibu. "Na nyuma yako namuona mudogo yako. Kila siku ukitoka pale ku mulango, munatokaka wawili."

Gauthier akageuka kutazama nyuma. Mama alisema hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote, kwamba mwanawe aligeuka kweli.

Chérie hakuondoka. Angeweza, ndugu zake walikuja kumchukua, akasema mtoto wake ana bibi. Waliishi pamoja, wakaanika ndakala pamoja, wakamlea Hélène. Sufuria ya Jumapili Chérie hakuigusa, wala hakuificha. Siku moja Mama Dorothée alikuwa amelala na malaria kali, hawezi kuinua kichwa, sufuria imekaa mezani imefungwa tayari. Chérie aliitazama muda mrefu. Akaichukua, akatembea nayo hadi mlango wa gereza, akaiweka chini, akamtajia askari jina, akarudi bila kungoja. Nyumbani akasema neno moja tu: "Imefika." Mama Dorothée hakumshukuru, kwa sababu aliona shukrani ingekuwa tusi. Hakuwahi pia kumuuliza kama amesamehe. Chérie hajasema hadi leo.

Hélène alipoanza kukua, mikono yake ilikuwa ya baba yake, vidole virefu, kidole gumba kimepinda kidogo nje. Bibi yake alimkata kucha kila Jumamosi, akikaa naye kizingitini, na akimaliza alikuwa anakunja vile vidole kimoja kimoja ndani ya kiganja, akavifunika kwa mkono wake, akakaa hivyo. Mtoto alidhani ni mchezo. Alikuwa akicheka, na bibi yake alimwacha acheke.

Presha ilimwanza mwaka 2019. Mwaka 2023 alipooza upande wa kushoto, lakini aliendelea kwenda gerezani, Elsa akimsukuma kwenye kiti cha magurudumu alichopewa na parokia. Mwishoni mwa Julai mwaka huu alianguka tena, akapelekwa hospitali. Siku zake za mwisho hakuwatambua wote. Mkono wake mzima ulikuwa umening'inia nje ya kitanda, kama mtu anayeufikisha chini, na alikuwa akisema, "Shika, mwanangu. Shika." Elsa aliushika ule mkono, Mama akautoa, akaurudisha pale pale. Hakuna aliyejua alikuwa anamwambia yupi. Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025, saa nne asubuhi, mkono ulitulia. Alikuwa na miaka sitini na minne.

Juzi, kwenye matanga, maneno haya yalisomwa mbele ya jamii kabla ya kuchapwa. Papa Mardochée aliomba sehemu ya Gauthier iondolewe, jina lake pia, kwa heshima ya ukoo na ya wageni. Wengine walimuunga mkono. Elsa akasema Mama alitaka vingine. Mabishano yakapanda, mpaka mmoja akakumbuka kwamba mwenye haki ya kusema ni mjane. Chérie alikuwa anaosha sahani. Akaja, mikono ina povu.

"Aandikwe," akasema. "Kama hamumuandike, bwana yangu atakuwa alikufa maji." Akarudi kwenye sahani zake. Papa Mardochée akatoa kalamu mfukoni akampa Elsa.

Ombi la Gauthier kuja kumzika mama yake lilipelekwa Jumapili. Halikukubaliwa.

Mama Dorothée ametanguliwa na mume wake, Papa Jérôme Mlondani, na mwanawe, Jeancy Mlondani, aliyeuawa na ndugu yake akiwa na miaka ishirini na mitano. Ameacha mtoto wake wa kwanza, Gauthier Mlondani, aliye gerezani hapa Kalemie. Binti yake, Elsa. Chérie, ambaye hakumwita mukwe bali binti. Mjukuu wake, Hélène. Shemeji yake, Papa Mardochée. Wadogo zake wawili wa Kazimia. Na kwaya iliyomtunzia nafasi kati ya wanaume miaka yote hii, ikijua hatarudi kuikalia.

Mungu, aliyewaona wote wawili kwa jicho moja kama yeye alivyowaona, ampe mapumziko ambayo nyumba yake haikuyapata. Alale kwa amani.